Aliyekwenda mlimani siku ya tufani: nani anamdai nani?

Kila mwaka tunapofika katika mlango wa tawakkul na kushika sababu, wanafunzi wangu huniuliza swali moja, kwa sura tofauti tofauti. Mtu aliyejitia mwenyewe katika hatari, tena kwa starehe yake tu, je, mwingine analazimika kuhatarisha roho yake ili amwokoe? Na kama mwokoaji akifa, damu yake iko shingoni mwa nani?

Ndugu msomaji, juma hili nataka tulitazame swali hilo kwa mfano wa mbali: watu wanaoteleza juu ya theluji katika milima ya Ulaya wakati wa machipuo, hali ya hewa ikiwa mbaya. Nimechagua mfano huo kwa makusudi. Mifano ya hapa kwetu huja na machungu yake. Ukitaja chombo kilichozama, kila msikilizaji ana ndugu yake au jirani yake aliyekuwamo, na mazungumzo yote huishia katika kutafuta mtu wa kumlaani. Katika milima ya Uswisi huna shemeji wala deni la mtu. Huko unaweza kufikiri kwa utulivu.

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe, maana wengi wetu tunaijua theluji kwa picha. Katika milima ya Alps, inayopita Ufaransa, Uswisi, Italia na Austria, kuna kuteleza kwa namna mbili. Ya kwanza ni ile ya viwanjani: mtu anakata tiketi, anabebwa na mitambo hadi juu, anashuka katika njia iliyosawazishwa na yenye alama. Ya pili ni kuvuka milima kwa miguu yako mwenyewe. Mtu hubandika chini ya mbao zake kitambaa chenye manyoya yanayolala upande mmoja ili asirudi nyuma anapopanda, kisha akifika juu hukibandua na kuteleza upande wa pili. Safari mashuhuri ya namna hiyo ni ile ya kutoka Chamonix nchini Ufaransa hadi Zermatt nchini Uswisi, siku kadhaa, wasafiri wakilala katika vibanda vya mawe vilivyojengwa juu kabisa ya mabonde.

Safari hizi hufanywa zaidi kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Mei, na sababu yake inaeleweka. Siku zimekuwa ndefu, vibanda vina watunzaji, na theluji iliyokusanyika tangu Novemba imefunika mianya mikubwa iliyomo ndani ya mito ya barafu. Tena theluji ya machipuo ina hesabu yake. Usiku anga ikiwa wazi, maji yaliyomo ndani yake huganda na kuifanya ngumu, ikambeba mtu asubuhi kama sakafu. Jua likipanda, tabaka la juu linalainika kidogo, na hapo ndipo raha wanayoifuata. Lakini mchana ukizidi, maji hupenya hadi chini, theluji inakuwa nzito kama uji, na mteremko mzima waweza kukatika na kushuka na kila aliye juu yake. Kwa hiyo wajuzi huondoka giza bado lipo na kutaka wawe wamefika kibandani kabla ya adhuhuri. Usiku ukiwa na mawingu, hesabu hiyo yote inaharibika, kwa sababu mawingu hufunika joto la ardhi kama blanketi na theluji haigandi.

Hayo ni ya siku njema. Tufani ikija ni habari nyingine. Wingu likishuka juu ya mto wa barafu, juu ni kweupe, chini ni kweupe, mbele na nyuma ni kweupe, na mtu hajui kama anapanda au anashuka mpaka aanguke. Upepo unaondoa joto la mwili haraka kuliko mwili unavyolitengeneza. Nguo ikiwa imelowa jasho la kupanda, ndiyo basi.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa huko hawana wa kuwaonya. Uswisi ina taasisi nzima mjini Davos inayochunguza theluji na maporomoko yake, ambayo ina historia tangu miaka ya 1930. Nchi za Ulaya zinatumia kipimo kimoja cha hatari ya maporomoko, daraja la 1 hadi la 5, tangu mwaka 1993, na katika msimu taarifa hutolewa kila siku. Utabiri wa upepo na dhoruba unapatikana katika simu ya mkononi. Kwa maneno mengine, mtu anayenaswa na tufani huko mara nyingi si mtu aliyenyimwa habari.

Siku ya Jumapili, tarehe 29 Aprili 2018, kundi la watu 10, kiongozi wao wa kulipwa akiwa miongoni mwao, liliondoka asubuhi katika kibanda cha Dix huko kusini mwa Uswisi. Njiani waliungana na Wafaransa wanne, wakawa 14. Walikuwa wanapita karibu na kilele cha Pigne d'Arolla, chenye urefu wa mita 3,796. Hali mbaya ilikuwa imetabiriwa siku hiyo, na ikaja kama ilivyotabiriwa. Wakapotea ndani ya wingu, wakazunguka kwa saa nyingi, usiku ukawakuta nje. Asubuhi ya Jumatatu ndipo waokoaji walipofika kwa helikopta. Watu 7 walifariki, kiongozi mwenyewe akiwa mmoja wao. Mahali walipolala hapakuwa mbali na kibanda cha Vignettes. Ni kiasi cha nusu kilometa tu. Humo mlikuwa na moto, vitanda na watu.

Nusu kilometa! Ni kama kutoka hapo msikitini hadi kituo cha basi. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara jambo linalonishughulisha si ule umbali bali saa za asubuhi, wakati wote 14 walipokuwa bado na vikombe mikononi na mlango ukiwa karibu. Wakati ule hakuna aliyehitaji ushujaa wowote. Kilichohitajika ni mtu mmoja kusema, "Leo tusiende," au baadaye kidogo, "Turudi."

Kwa nini neno hilo ni zito hivyo? Mtafiti mmoja wa Kimarekani, Ian McCammon, alichapisha mwaka 2004 uchunguzi wake juu ya ajali 715 za maporomoko ya theluji zilizowapata watu waliokwenda kwa starehe nchini Marekani. Alikuta kwamba mara nyingi dalili za hatari zilikuwapo wazi, na waliopatwa hawakuwa wajinga wa mambo ya theluji. Walivutwa na vitu ambavyo kila mmoja wetu anavijua: kuzoea mahali, kushikilia azma waliyokwisha kuikata, kumwachia mmoja anayeonekana mjuzi awaamulie wote, kutaka kuonekana mbele ya wenzao, kuwahi theluji ambayo bado haijakanyagwa na wengine, na kuona kwamba wapo watu wengine hapo hapo basi pana usalama. Mimi ningeongeza moja la kidunia zaidi: pesa imekwisha lipwa. Likizo ni wiki moja, kibanda kimeshikwa, ndege ya kurudi ni Jumamosi. Anayecheka hapa na ajiulize ni mara ngapi amepanda basi ambalo dereva wake alimtilia shaka, kwa kuwa tu nauli ilikuwa imeshatoka mfukoni.

Sasa tuje kwenye hoja. Hoja ya kwanza ya mtetezi wa wapanda milima ni kwamba maisha ni yake. Simzuilii mtu kitu, simwibii mtu. Nikifa nimekufa mimi. Hoja hii ina watu wakubwa nyuma yake. Mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya uhuru, alitoa mfano wa mtu anayetaka kupita katika daraja bovu. Kama hajui kwamba ni bovu na hapana muda wa kumwonya, unaruhusiwa kumkamata na kumrudisha, kwa sababu hakutaka kutumbukia mtoni. Kama anajua, na akili zake anazo, kazi yako ni kumwonya, kisha umwachie uamuzi wake.

Ni mfano mzuri, lakini una upungufu mmoja. Katika daraja lile hakuna mtu mwingine: pana mpitaji, pana mto, na pana anayeonya. Anayeonya akimaliza kuonya anakwenda zake. Duniani mambo hayako hivyo. Mtu akitumbukia atapiga kelele, na kelele zile zitamfikia mwanadamu mwenye moyo, na mwanadamu yule ana watoto. Huwezi kusema hatari ni yako peke yako huku umebeba mfukoni kifaa cha kuitia wengine. Namba ya dharura iliyomo ndani ya simu ni ushahidi kwamba unawategemea watu ambao hukuwataka ushauri ulipokuwa unaondoka.

Hapa wapo wanaokwenda upande wa pili kabisa. Wanasema: basi na aachwe huko huko. Amejitakia! Nimelisikia neno hili kwa watu wazima, tena baada ya swala. Mimi silikubali hata kidogo. Kumwokoa anayeangamia ni fardhi kifaya. Wakiitekeleza wenye uwezo, wengine wameondokewa na jukumu, na wote wakiiacha, wote wamepata dhambi. Na fardhi hiyo haikufungwa na sharti kwamba anayeangamia awe hana kosa. Daktari wa zamu akiletewa majeruhi wa bodaboda hamuulizi kwanza kama alivaa kofia ngumu ndipo amfunge jeraha. Kosa lina mahali pake pa kuulizwa, na mahali hapo si pale damu inapotoka. Aidha, tukianza kuwaokoa wasio na makosa tu, tutakuwa na kazi ndogo sana, na siku yetu ikifika hatutakuwa na wa kutuokoa.

Lakini fardhi ina mpaka, na mpaka huu ndipo palipo uzito wa suala lote. Jumamosi ya tarehe 9 Machi 2024, Waswisi 6, wenye umri wa kati ya miaka 21 na 58, watano kati yao wakiwa ndugu wa ukoo mmoja, waliondoka Zermatt asubuhi kuelekea Arolla kwa njia ya juu. Iliripotiwa kwamba walikuwa wanajiandaa kwa mashindano makubwa ya kuvuka milima ambayo hufanyika huko wakati wa machipuo. Tufani ikawapata karibu na Tête Blanche, juu ya mita 3,500. Saa 11 na dakika 19 jioni mmoja wao alifaulu kupiga simu ya dharura. Kwa hiyo walijulikana wako wapi, na walikuwa bado hai. Helikopta haikuweza kuruka. Usiku ule waokoaji watano wazoefu walitoka Zermatt kwa miguu ya mbao, wakapanda hadi kama mita 3,000, na hapo upepo na hatari ya maporomoko vikawalazimisha kurudi. Jumapili usiku ndipo miili mitano ilipopatikana. Wa sita hakuonekana.

Fikiri hali ya wale watano waliorudi. Wanajua kwamba juu yao, katika giza lile, kuna watu wanaowangoja. Wanajua pia kwamba wakiendelea, huenda asubuhi ikahesabiwa maiti kumi na moja badala ya sita. Mimi nasema walifanya sawa, na nasema hivyo nikijua kwamba familia za wale sita zingeweza kuniuliza kwa hasira kama ningeyasema hayo angekuwa ndugu yangu. Wanavyuoni wa fiqhi wana msingi kwamba dhara haliondolewi kwa kuleta dhara la kadiri ile ile. Roho ya mwokoaji haikuwa rahisi zaidi kwa sababu amevaa sare. Wajibu wake ni kujaribu mpaka pale ambapo kujaribu hakuongezi matumaini kwa aliye juu bali kunaongeza tu idadi ya wanaokufa. Kuujua mpaka huo kunataka elimu, na kuutii kunataka moyo mgumu kuliko ule wa kusonga mbele. Anayesonga mbele akafa ataimbwa. Anayerudi atalala na sauti ile ya simu masikioni mwake.

Historia ya milima ile ina kisa kinachoonesha pande zote mbili za jambo hili, na walio Chamonix hawajakisahau. Mwishoni mwa Desemba 1956 vijana wawili, Jean Vincendon na François Henry, walikwama juu ya Mont Blanc katika baridi kali. Hawakuwa wateleza theluji, walikuwa wapandaji, na ulikuwa msimu wa baridi hasa. Lakini swali ni lile lile. Watu mjini waliweza kuwatazama kwa darubini. Chama cha viongozi wa Chamonix kilikataa kupeleka watu, kwa hoja kwamba hatari ilikuwa kubwa mno. Lionel Terray, mpandaji mashuhuri aliyekuwa mwenyewe kiongozi, akatofautiana na chama chake, akapanda na wenzake wachache wa kujitolea, nao hawakufika. Jeshi likatuma helikopta, ikaanguka kule kule juu. Sasa waokoaji wakawa na haja ya kuokolewa! Vijana wale waliingizwa ndani ya mabaki ya helikopta, wakaachwa humo, na juhudi zikahamia kwa marubani na viongozi walioanguka. Hao walishushwa salama. Vijana wawili walifia mle, na miili yao ilishushwa mwezi Machi mwaka uliofuata.

Nani alikosea pale? Wengine hadi leo wanawalaumu viongozi waliokataa. Mimi nadhani kosa kubwa halikuwa la mtu aliyesema "siendi", wala la Terray aliyesema "naenda". Lilikuwa la mji mzima na dola nzima kutokuwa na utaratibu, kiasi kwamba suala la roho za watu liliachiwa mabishano ya siku zile zile, kila mmoja akipima ujasiri wake mbele ya wenzake na mbele ya waandishi wa habari. Wafaransa wenyewe walielewa hivyo. Mwaka 1958 uokoaji milimani ukawekewa utaratibu wa serikali. Fardhi kifaya inayosubiri mtu mwema ajitokeze siku ya msiba ni fardhi iliyokwisha kupotezwa siku nyingi kabla.

Na tawakkul je? Wapo kwetu watakaosema: ajali ni qadar, siku ya mtu ikifika imefika, awe mlimani au kitandani. Ni kweli siku haisogei. Lakini qadar ni jambo la kuridhika nalo baada ya kutokea; si kibali cha kuombea ruhusa kabla. Habari ya ngamia na kamba yake kila mmoja wetu anaijua tangu chuoni, sina haja ya kuirudia. Imam Ghazali, katika Ihya, alipozungumzia tawakkul alitaja wazi mtu anayelala katika njia ya mafuriko au chini ya ukuta ulioinama, akaeleza kwamba hayo hayamo katika tawakkul bali ni kujitia katika maangamizo bila faida. Zama za Ghazali hakukuwa na taarifa ya hatari daraja la 4. Lakini mteremko wa theluji mchana wa Aprili, baada ya usiku wa mawingu, ni ukuta ulioinama kama ukuta mwingine wowote, na tofauti pekee ni kwamba huu watu wanaufuata kwa gharama kubwa.

Msomaji asinifahamu vibaya. Sisemi kucheza ni haramu, wala sisemi kwamba kupenda mlima ni upuuzi wa matajiri. Mtu anayeamka saa tisa usiku, akapanda kwa saa nne katika ukimya, akaliona jua likitoka juu ya theluji, huenda akapata mazingatio ambayo mimi nakosa nikiwa kwenye foleni ya magari. Hatari nayo haiepukiki kabisa. Anayevua samaki ana yake, na anayepanda mnazi ana yake. Tofauti ninayoiona ni kati ya hatari iliyopimwa na hatari iliyopuuzwa. Aliyetazama utabiri, akachagua njia fupi, akabeba koleo na kifaa cha kutafutiana, akaweka saa ya kurudi na akaiheshimu, huyo akifikwa na jambo ni mtu aliyefikwa na jambo. Mwingine alitazama utabiri ule ule na kutumaini kwamba watabiri wamekosea.

Lakini hapo pana tatizo ambalo sitalificha. Mwingine huyu mara nyingi hurudi salama. Tarehe 10 Machi 1988 Charles wa Uingereza, wakati huo akiwa mrithi wa kiti na leo ni mfalme, alikuwa akiteleza na rafiki zake nje ya njia zenye alama huko Klosters, Uswisi, wakati tahadhari ya maporomoko ilikuwa imetolewa. Theluji ikakatika. Mwenzao mmoja, Meja Hugh Lindsay, aliuawa, mwingine akaumia vibaya, na Charles akasalimika. Hakuna aliyeshitakiwa. Wote walikuwa katika mteremko mmoja, kwa uamuzi mmoja. Kilichowatenganisha ni mahali kila mmoja aliposimama sekunde ile.

Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walilizungumza suala hili mwaka 1976: je, inakuwaje tunamlaumu mtu kwa matokeo ambayo hayakuwa mikononi mwake? Kila siku mbaya ya Aprili kuna makundi yanayoondoka vibandani wakati hayakupaswa kuondoka, yakafika, yakanywa chai, yakapiga picha. Hakuna gazeti linaloandika habari zao. Wao wenyewe hawajui kwamba wamekosea. Bali wanahesabu kwamba wamepata uzoefu, na mwaka unaofuata wataondoka kwa uhakika zaidi. Kwa mizani ya niyya na uamuzi, wao na wale waliokufa ni sawasawa. Sisi huku chini tunamhukumu maiti peke yake kwa kuwa yeye ndiye tunayemwona. Naona ni dhuluma, na ninaona pia ni hatari, kwa sababu lawama inayongoja maiti haimzuii yeyote aliye hai.

Kuna jambo la kiongozi na wanaoongozwa. Wale wa mwaka 2018 walikuwa wamelipia kiongozi. Mwenye kulipia kiongozi amempa amana, na kiongozi amebeba uzito ambao abiria hana. Huku pwani tunajua kwamba nahodha ndiye anayeamua kama chombo kitoke au kisitoke, na ndiye wa kuulizwa. Hilo siliondoi. Hata hivyo mtu mzima hawezi kukodisha akili yake yote. Anaruhusiwa kumtii mjuzi katika lile asilolijua, kama vile njia ipi ina mianya na kamba ifungwe vipi. Lakini upepo unaomwangusha anauona mwenyewe, na mwenzake anayetetemeka na kushindwa kusema anamwona mwenyewe. Katika hayo adabu ya kunyamaza mbele ya mkubwa haina nafasi. Na kiongozi anayestahili jina hilo ni yule ambaye mteja wake dhaifu kuliko wote anaweza kumwambia "turudi" bila kuona haya.

Watu wengine hutaka suala lote limalizwe kwa pesa: anayeokolewa alipe. Nchini Ufaransa kuokolewa milimani, nje ya viwanja vya mitambo, kwa kawaida ni bure. Uswisi mtu hudaiwa, au bima yake hudaiwa. Na lipo shirika la Rega, lililoanzishwa mwaka 1952, ambalo linabebwa na michango midogo ya kila mwaka ya mamilioni ya wananchi. Sina ugomvi na utaratibu wowote kati ya hiyo. Pesa inalipia mafuta na saa za rubani, na ni haki ilipwe. Nisichokubali ni mtu kudhani kwamba kwa kuwa ana bima, basi ameshanunua haki ya mwokoaji kwenda kufa.

Wala marufuku haisaidii sana. Yale mashindano niliyoyataja, ya kutoka Zermatt hadi Verbier, yalianzishwa na wanajeshi wa Uswisi mwaka 1943. Mwaka 1949 wanajeshi watatu walitumbukia katika mwanya wa barafu wakafa, na mashindano yakapigwa marufuku hadi mwaka 1984. Miaka 35 mashindano hayakuwapo, lakini mlima ulikuwapo na watu waliendelea kwenda. Tofauti ni kwamba siku ya mashindano yupo ofisa mwenye mamlaka ya kuahirisha kwa maelfu ya watu kwa neno moja hali ya hewa ikiharibika. Siku nyingine zote mamlaka hayo yamo ndani ya kundi la watu sita au kumi, mlangoni pa kibanda, giza bado halijatoka.

Katika vibanda vile kuna daftari. Mgeni huandika jina lake, anakotoka, na safu moja ni ya mahali anapokusudia kwenda kesho. Wengi huijaza bila kuifikiria, kama tunavyojaza daftari za nyumba za wageni. Lakini ndiyo karatasi ya kwanza anayoifungua mwokoaji. Aliyeandika Vignettes, kisha njiani akabadili shauri akashukia bonde jingine, na simu yake ikawa na mtandao, na asimpigie mtunzaji wa kibanda kumwarifu, jioni ile watu watatoka na taa kumtafuta mahali ambapo hayupo.